Chupa Sita za Kabati

Nilikuwa nimefika rafu ya tatu, chupa ya kumi na nne, nikisoma tarakimu ndogo zilizopigwa chini ya lebo, Kyule aliponiambia niongeze mwendo. Alikuwa amekalia kreti tupu karibu na mlango, kofia yake ya polisi juu ya goti, akijipepea kwa kipande cha kadibodi alichokibandua ukutani kwangu.

"Gathua, hizo namba unazisoma ama unaziombea?"

"Nikikosea moja, afande, orodha yote haina maana."

"Haya, soma. Lakini joto hili litaniua kabla mvinyo wako haujaniua."

Aliposema hivyo akaangalia nje, kwenye malori ya barabara ya Mombasa. Nadhani mzaha ulimponyoka. Mzee Nyamai wa Kabati, upande wa Kitui, alikuwa amefariki Jumapili alfajiri, na wazee wengine wawili walikuwa bado wodini Kitui. Wote watatu walikunywa kinywaji kilichotoka kwenye duka hili. Tena sikukiuza tu. Nilikichagua mimi, nikakisifu.

Kadibodi aliyojipepea nayo ilikuwa na mwandiko wangu. Kila Januari, jua la hapa Sultan Hamud linapoanza kupinda hata plastiki, huwa naandika orodha ya mvinyo wa miezi ya joto usiozidi shilingi elfu moja. Sikusomea kazi hii popote. Baba yangu alikuja hapa kutoka Murang'a kuuza misumari na mabati, na mimi nilipoligeuza duka lake kuwa la vinywaji, sikujua tofauti ya chupa moja na nyingine. Nilianza kusoma lebo, kisha nikawa nanunua chupa moja kila mwezi, nakunywa nusu glasi, naandika nilichokisikia ulimini. Miaka kumi na moja sasa. Wateja wengi hapa ni watu wa bia na vile vichupa vidogo vya madereva, lakini wapo wachache wanaosimama mbele ya kadibodi yangu na kuuliza.

Musembi alikuwa mmoja wao. Alikuja Alhamisi, siku mbili kabla ya ntheo yake, yaani posa ya Kikamba, kijana mwalimu wa Tawa, shati limechomekwa vizuri. Alikuwa anapeleka mbuzi watatu nyumbani kwa msichana wake, Katunge, kule Kabati, ili ijulikane kwa wazee wa pande zote mbili kwamba msichana ameposwa.

"Mbuzi ninao," aliniambia. "Shida ni kinywaji. Wazee wa kule wamesema wazi, soda wakanywe watoto. Na mama yangu ni mtu wa kanisa, pombe haiingii kwake. Nikamwambia mvinyo uko kwenye Biblia. Amekubali mvinyo, basi. Sasa nipe kitu kisicho ghali, ambacho mzee anaweza kunywa kwenye jua bila kulala."

Nilimwonyesha mvinyo mweupe mkavu kutoka Afrika Kusini, wa shilingi mia nane na hamsini, wenye kifuniko cha kuzungusha. Nikamweleza kwamba huo una ukali kidogo kama wa ndimu, na kwa hiyo hukata mafuta ya nyama ya mbuzi. Nikamwambia asidharau kifuniko cha kuzungusha, kwani kwenye joto letu kizibo cha gome hukauka na hewa ikaingia. Aliuliza kuhusu mwekundu. Nikamwambia upo mwepesi wa mia tisa, ila autie kwenye barafu nusu saa.

"Mwekundu haupozwi. Nimeona wameandika unywewe kwa joto la chumba."

"Aliyeandika hivyo chumba chake ni cha Ulaya, mwalimu. Chumba chako cha Tawa mwezi huu ni jiko."

Alicheka. "Na wazee wakisema huu mweupe ni juisi?"

"Waambie una asilimia kumi na mbili na nusu. Watauheshimu."

Akachukua chupa sita za mvinyo mweupe kutoka katoni ambayo nilikuwa nimeifungua asubuhi hiyo. Nilimfungia kwa magazeti ya Kiswahili, moja moja, na nikamwambia asiziache ndani ya gari juani. Alinishukuru sana. Hayo ndiyo yote niliyoyafanya, na tangu Jumapili nilikuwa nikiyarudia kichwani hatua kwa hatua, nikitafuta mahali nilipokosea.

"Katoni ya chupa kumi na mbili," Kyule alisema, akiangalia karatasi yake. "Umeuza sita. Hapa mbona ziko tano?"

"Moja niliifungua Jumapili jioni, nilipopata habari."

"Ukaipeleka wapi?"

"Nikanywa glasi mbili. Kisha nikakaa kwenye kiti, nikingoja."

Aliacha kujipepea. "Ukiwa na akili zako, Gathua?"

"Nilitaka kujua kama ni mimi."

"Na mke wako?"

"Wanjiro alikuwa Nairobi kwa dada yake. Ndiyo maana nilifanya siku hiyo."

Kyule alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Tumejuana miaka mingi, na amewahi kununua hapa vinywaji vya harusi yake mwenyewe. Lakini agizo lilikuwa limetoka juu: duka lifungwe, kila chupa iorodheshwe, sampuli ziende kwa mkemia wa serikali. Majirani walikuwa wameanza kupita mbele ya mlango wangu kwa upande wa pili wa barabara.

Nilimwuliza kama anajua wale wazee waliugua namna gani. Akatoa daftari.

"Hii nimepigiwa na wenzangu wa Kitui, usinitaje. Sherehe ilikuwa saa saba. Saa kumi wageni wanafunga mizigo, mzee Nyamai akaanza kutokwa na mate mengi, jasho, kutapika. Nyama za mwili zinarukaruka. Daktari ameandika mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Ameandika ni sumu, haijajulikana."

Niliweka chupa chini. Mtu anayeuza vinywaji nchini humu, kama ana dhamiri, lazima asome kuhusu pombe mbaya, na mimi nilikuwa nimesoma. Pombe ya sumu hukaa mwilini kimya, mara nyingi hadi kesho yake, ndipo mtu anaamka macho hayaoni, mboni zimepanuka. Haimtoi mtu mate ndani ya saa tatu. Mate na mboni ndogo ni kitu kingine. Kilikuwa ni kitu ambacho mkulima yeyote wa Makueni ameonywa juu yake.

"Chupa tupu zilipatikana?"

"Hakuna chupa hata moja. Wanasema kinywaji kilifika kwenye jerikeni ya lita tano."

"Mimi niliuza chupa, Kyule."

"Najua. Kwa hivyo huko kati kuna mtu alimimina. Nani, hatujafika huko. Watu wanazika, huwezi kuwahoji wakilia."

Nikamwomba nafasi ya kwenda Tawa. Akafunga duka mwenyewe, akatia ufunguo mfukoni.

"Orodha tutaendelea ukirudi. Huko wakikupiga mawe, mimi sikukutuma."

Nilifika kwa akina Musembi saa tisa. Ni nyumba ya matofali mteremkoni, nje kidogo ya soko la Tawa, yenye miembe pande zote, ya kupandikizwa, maembe yake mazito yamening'inia hadi karibu na ardhi. Mbinya, mama yake Musembi, alikuwa ameketi kivulini akichambua mbaazi. Mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Nilijitambulisha kwa jina na kwa kazi, kwa sababu sikutaka ajue baadaye.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha akasogeza kigoda.

"Keti, mwanangu. Nimekuombea tangu juzi. Nilimwambia Bwana, yule kijana wa Sultan Hamud hakukusudia. Alidanganywa na waliomletea. Mimi nimekusamehe, na hata wewe ujisamehe."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilimshukuru, nikauliza polepole kama zile chupa bado zipo. Zilikuwepo. Alinyanyuka na kuzileta kwenye karai, sita zote, amezitoa lebo na kuzipangusa kwa ajili ya kuwekea mafuta ya taa. Niliuliza kwa nini mvinyo haukwenda ndani yake.

"Mchungaji alikuwa gari moja na sisi," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kwa aibu. "Sasa Mchungaji aone chupa sita za baa kwenye miguu ya mwenyekiti wa kina mama wa kanisa? Nikasema tumimine kwenye jerikeni. Na hata wazee, kwa desturi, kinywaji chao hakiji kwa chupa kama cha mjini. Kinakuja kwa chombo kimoja, mmoja wao anagawa. Musembi alikuwa kwa kinyozi. Nilimimina mwenyewe, ili asisumbuke."

"Jerikeni ilikuwa mpya, mama?"

"Mpya ya nini? Ziko nyingi. Ilikuwa ile tunayochanganyia dawa ya nzi wa maembe. Ni nzuri, mfuniko wake haumwagi. Lakini niliisuuza."

Alisema hivyo kwa urahisi, huku akirudi kwenye ungo. Nilitazama miti. Chini ya kila mti ardhi ilikuwa imepasuka, na kando ya nyumba kulikuwa na tangi jeusi la maji lililolazwa ubavu kwa sababu halikuwa na kitu. Nilielewa alisuuza vipi kabla sijamwuliza. Mwezi huo maji Tawa yalikuwa yanaletwa kwa punda.

Hapo Musembi akatoka ndani ya nyumba. Alikuwa amekonda kwa siku tano. Aliponiona nikiwa na mama yake na karai la chupa katikati yetu, akasimama, na nikajua kwamba ameshafikiri yote niliyoyafikiria. Ni mwalimu wa sayansi.

"Bwana Gathua, njoo nikuonyeshe choo," alisema.

Tulienda hadi nyuma ya zizi. Hapakuwa na choo upande huo.

"Usimwambie," alisema. "Nakuomba. Mkemia atapima chupa zako, atakuta ni safi, utafungua duka. Ni wiki tatu tu. Wewe utarudishiwa jina lako. Mama akijua, hatainuka tena."

"Na wale wawili wodini?"

"Wako na madaktari."

"Madaktari hawajui wanatibu nini, Musembi."

Alifuta uso kwa kiganja. "Aliyekufa ni kaka mkubwa wa baba yake Katunge. Ikiwa ni mvinyo wa dukani, ni ajali, watanisikitikia pamoja nao. Ikiwa ni jerikeni ya mama yangu, unadhani yule msichana atavuka mto kuja kuishi na mama mkwe aliyemuua baba yake mkubwa? Nimengoja miaka mitano."

Sikuweza kumlaumu, kwa sababu nilijua vizuri jinsi ninavyotaka kulala usiku na kuamka bila jambo hili, na yeye alitaka hivyo hivyo. Nilimwuliza tu jerikeni iko wapi sasa. Alisema hajui, huenda ilibaki Kabati.

Tulirudi. Mbinya alikuwa ameshaweka chai mbele ya kigoda changu, vikombe vitatu, na katikati ya meza ndogo ilikuwepo jerikeni ya manjano ya lita tano. Alikuwa akiuzungusha mfuniko.

"Wale watu wa Kabati ni watu," alisema. "Hata kwa shida ile. Kwao chombo hakirudishwi kikiwa kitupu. Nyamai alipomaliza kunywa, maana alibaki nacho peke yake akisema kilichobaki chini ndicho kitamu, wamama wakakichukua wakatujazia asali. Asali ya Kitui, mwanangu, si hii ya barabarani. Nilikuwa nangoja kifo... nangoja kilio kiishe, ndipo tuionje. Lakini umekuja na moyo mweupe. Lete kikombe."

Asali ilianza kushuka mdomoni mwa jerikeni, nene, ikichukua muda wake. Nilimtazama Musembi. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu, mdomo wazi.

Niliweka mkono juu ya kikombe.

"Usitie, mama."

"Una sukari? Kijana hivi?"

"Sina. Usitie kwangu, wala kwako, wala kwa Musembi. Rudisha mfuniko. Kisha tuoshe mikono."

"Maji ya kuosha—"

"Tuoshe, mama. Nitakununulia mengine."

Tuliosha mikono sote watatu kwenye beseni moja. Kisha nikamwambia. Nilianza na saa ambayo wazee walikunywa, na saa waliyougua, na mboni za macho, na kwamba mimi mwenyewe nilikunywa mvinyo wa katoni ile ile na nikaamka mzima. Nilimwambia kwamba dawa ile ni ya mafuta, hujificha kwenye plastiki, na pombe huivuta nje kuliko maji. Nilisema sijui kwa hakika, na mkemia ndiye atakayejua. Nililirudia hilo mara mbili, kwa sababu lilikuwa kweli na kwa sababu uso wake ulikuwa ukinitazama.

Hakulia. Alitazama jerikeni.

"Kikombe kimoja," alisema baadaye. "Niliisuuza kwa kikombe kimoja cha maji. Nikatikisa. Maji hayo nikayamwaga kwenye mti, ili yasipotee."

"Mwaitu," Musembi alisema, akimwita mama yake kwa Kikamba, "huyu si daktari. Huyu anauza pombe. Anataka duka lake."

"Ndiyo, anataka duka lake," Mbinya alijibu. "Na wewe ulisimama hapo nikitumiminia asali."

Musembi akaketi chini, mgongo kwenye ukuta, akafunika kichwa kwa mikono.

Mbinya akaniuliza kama wale wawili wanaweza kusaidiwa. Nilimwambia kwamba kwa sumu hiyo ipo dawa, ila daktari anahitaji jina. Alikwenda ghalani akarudi na kopo lenye lebo iliyochakaa, na mimi nikampigia Kyule. Nilimsomea jina herufi kwa herufi. Alilirudia ili ahakikishe, na nikasikia akimsomea mtu mwingine kwenye simu ya mezani.

"Umefanya vizuri kupiga," alisema akirudi. "Lakini umechelewa kwa mmoja. Amekata roho saa saba mchana. Anaitwa Kimeu. Huyu aliyebaki ndiye wanamkimbilia sasa. Nani yuko hapo na wewe?"

"Mama mwenye nyumba."

"Amesikia?"

Simu yangu husema kwa sauti kubwa. Mbinya alikuwa amesikia.

Kyule akasema atafika kesho saa mbili asubuhi na maafisa wa Kitui, mtu asiguse jerikeni, na kama mama anaweza kuandika maelezo yake kabla hawajafika, ingekuwa afadhali kwake. Niliifunga jerikeni ndani ya gunia, nikalifunga gunia kwa kamba, nikalipandisha juu ya ghala ambako kuku hawafiki. Kile kikombe nilichokifunika kwa mkono nilikitia gunia hilo hilo, na mbaazi alizokuwa akichambua tukazimwaga shimoni, kwa kuwa mikono iliyoshika jerikeni ilikuwa imezigusa.

Mbinya alisema ataandika leo. Alileta daftari la kwaya, akaandika neno moja, akalikata, na Musembi alipoombwa aandike akainuka akaenda zake kwenye miti. Tulimwona akipita kati ya miembe, akiyapiga mateke maembe yaliyoanguka. Nikachukua daftari mimi.

"Huyu aliyefiwa na duka lake ndiye anaandika," alisema. "Haya. Andika hivi. Mimi Mbinya, mjane, wa Tawa."

Nikaandika. Alisema taratibu, kama anayetoa tangazo kanisani, na aliponiona nimebaki nyuma alingoja. Alieleza siku ya Jumamosi, saa waliyoamka, nani alikuwa kwenye gari. Alieleza chupa sita na jinsi zilivyofungwa kwa magazeti. Alisema mvinyo ulikuwa na harufu nzuri, kama maembe mabichi, na akanitaka niandike hilo pia, kwamba ulikuwa mzuri ulipofika kwake. Nikamwambia si lazima. Akasema niandike.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima. Musembi hakuwa amerudi, ila tulimsikia akiongea kwa simu huko chini, sauti ya mtu anayeeleza jambo, kisha ananyamaza, kisha anaeleza tena. Jina la Katunge lilitufikia mara mbili.

"Tumefika wapi?" Mbinya aliuliza.

Nilimsomea sentensi ya mwisho. Ilisema: Nikaingia ghalani nikachukua jerikeni.

Alifungua mdomo. Nilishika kalamu tayari. Alitazama lile tangi tupu lililolala ubavu, akatazama mikono yake. Giza lilikuwa limeanza kuingia kwenye mistari ya daftari.

"Yule wa pili aliyefariki," alisema. "Umesema ni nani?"

"Kimeu."

"Ni lazima naye aandikwe. Lakini simjui. Sijui kama ndiye aliyenishika mkono mlangoni, ama ni yule mwingine mwenye fimbo." Akafikiri. "Tuache hapo, mwanangu. Sehemu ya maji nitaisema kesho, macho yakiwa yanaona. Utalala kwa jirani, nimeshamtumia habari."

Niliacha nusu ya ukurasa wazi kwa ajili ya hiyo sehemu ya maji, nikaweka kijiti cha ufagio pale tulipofikia, nikalifunga daftari.